Kabla ya Kupakia Gari la Fungate



Mwezi uliopita bibi harusi mmoja alikuja kwetu kupima gauni. Tukiwa tunamzungushia tepu kiunoni, akatueleza kuwa fungate yao si Dubai. Watakodi gari lenye hema la kulala juu ya paa, kama wanayoyaona YouTube, wavuke Dar waende Iringa, Ruaha, Mbeya, mpaka Matema kwenye Ziwa Nyasa. Siku sita. Tulifurahi, kisha tukamuuliza nani kapanga. "Yeye ndiye dereva, dada, anajua."

Hapo ndipo tulipoacha tepu.

Sisi ni mtu na mdogo wake, mafundi cherehani, tuliolewa mwaka mmoja, na njia hiyo tuliipita na waume zetu kwa Noah ya kukodi. Nasi tulimwachia dereva. Tulishuka boti, tukala, tukatoka Dar saa nane mchana. Iringa ni kama kilomita 500, na wenzetu walihesabu kilomita tu. Hawakuhesabu malori ya Chalinze, wala hifadhi ya Mikumi, ambako mwendo unapunguzwa kwa sababu tembo na pundamilia wanakatisha barabara. Kitonga tuliipanda usiku, lori mbele linatambaa, na dereva wetu akataka kulipita kwenye kona. Tulipiga kelele sote wawili. Tulifika Iringa saa tano usiku, Magharibi na Isha tukazikusanya gesti, na hakuna mtu anayemsemesha mwenzake. Ilichukua siku mbili hata mmoja wetu kucheka na mumewe.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: bibi harusi akae kwenye karatasi ya safari, na siku zikatwe kwa sala na mwanga wa jua. Siku ya boti lala Dar au Morogoro. Ondokeni baada ya Alfajiri, mchana muwe Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, Kitonga muipande jua likiwaka. Iringa mpaka Mbeya ni kilomita 330 nyingine, hiyo ni siku yake. Na kurudi kupo! Ukihesabu hivyo, katika siku sita haibaki zaidi ya moja ya kutembea. Basi Ruaha au Matema, moja iondoke. Isimila ipo kilomita 20 tu kutoka Iringa, na ukiwa Tukuyu Daraja la Mungu halikuchoshi.

Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala, ila katika madhehebu yetu ya Shafii ukinuia kukaa mahali siku nne kamili unasali kamili. Miji ya njiani ina misikiti, lakini si yote yenye sehemu ya wanawake, kwa hiyo kanga, mswala na galoni la maji visikae chini ya mabegi. Nyama uliza. Huko kitimoto inauzwa waziwazi, na wenyeji hawakasiriki ukiuliza hata kikaango. Sisi wali wa Kyela na mayai vilitutosha.

Sasa hema. Tusioneane haya, fungate ina josho. Mbeya mji upo juu kiasi cha mita 1,700, na mwezi wa Juni na Julai baridi yake sisi wa pwani hatuijui. Kushuka ngazi ya gari gizani kabla ya Alfajiri, ukatafute maji ya kuoga kambini, na nje wamelala watu wengine? Mwanamume aliyelipanga hilo hakulifikiria, na hana kosa, hakuna aliyemwambia. Usiku mmoja wa hema unatosha kwa hamu. Siku nyingine chukueni gesti yenye maji ya moto, na mulione bafu kabla ya kulipa.

Juzi alirudi kujaribu gauni, mumewe yupo nje na karatasi mkononi. Ruaha na Matema wamezikata zote mbili. Hema limebaki usiku mmoja, Iringa. Tumemshonea na gauni la kulalia la flaneli, mikono mirefu, na hilo hatukumtoza.