Bima ya Moto na Maji ya Mvua

Si ajabu kwamba wananchi wa Dodoma huiona mvua kuwa ni neema tupu, maana hunyesha msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, tena kwa uchache. Lakini ardhi kavu haimezi maji ya ghafula. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 mto Kinyasungwe ulifurika, na Reli ya Kati ikakatika baina ya Gulwe na Kilosa. Maji yaliyoshinda tuta la reli hayatashindwa na ukuta wa duka.

Yuko mfanyakazi aliyejenga kwa mkopo, benki ikamtaka akate bima. Hulipa kila mwaka, akalala usingizi. Yampasa aisome hati yake! Mara nyingi ni bima ya moto. Mafuriko hayamo ila yameandikwa, kwa malipo ya ziada. Mwenye duka naye ajue kwamba bima ya jengo si bima ya bidhaa zilizomo.

Liko jambo liumizalo zaidi. Nyumba ya shilingi milioni 40 ikiandikishwa kwa milioni 20 ili kupunguza ada, kisha maji yakaharibu mali ya milioni 10, mwenyewe asitaraji 10. Kwa kawaida atapewa 5, kwa kuwa alikata bima ya nusu. Wakala, mwenye haraka ya kuuza, huenda asimwambie.

Kwa hiyo, kabla ya Desemba, kila mwenye hati aiulize kampuni yake kwa maandishi: mafuriko yamo, na kwa thamani gani?