Kiti kimoja tu, lakini kitengenezwe Likasi

Juma lililopita nilifuata mkutano mmoja katika hoteli mpya, hapa katikati ya mji. Jina lake naliacha. Nikaonyeshwa chumba: ukuta mweupe, kitanda cha chini, kiti kimoja. Hakuna picha, hakuna pazia la maua. Nikauliza: vitu vingine vinafika lini? Kijana wa mapokezi akacheka: «Hapana, mukubwa, ndiyo mtindo. Vitu vichache, bei juu.»

Nikawafikiria ninyi mliokimbia vita, mnaonipokea majumbani kwenu. Matela moja, sufuria moja, ukuta bila picha. Kwenu hakuna anayeuita mtindo. Wazee wa Likasi nao wanakumbuka 1992, familia zenye asili ya Kasai zilizofukuzwa zikilala kwenye kituo cha gari la moshi, zikingoja treni. Kuchagua vichache ni jambo moja. Kubakizwa na vichache ni jambo lingine.

Hata hivyo, sipingi mtindo wenyewe. Shule ya Bauhaus, iliyofunguliwa Ujerumani mwaka 1919, ilitaka kiti chepesi, kizuri, ambacho hata mtu wa mshahara mdogo angeweza kukinunua. Na hapa kwetu, tangu mji ulipoitwa Jadotville, kuna nyumba za matofali zenye baraza pana, ambamo hewa inapita. Hizo ndizo nyumba zisizo na makuu. Chumba kile cha hoteli dirisha lake halifunguki. Umeme ukikatika, grupu inanguruma.

Swali langu ni hili: kile kiti kimoja kilitoka wapi? Niliambiwa: ng'ambo, ndani ya kontena. Mbao za mukula za Haut-Katanga zilipakiwa magogo kwa magogo kwenda China, na sisi tunanunua viti vya kigeni. Wakati huo namjua baba mmoja aliyehama kwake, fundi mbao wa miaka mingi, ambaye leo anauza makala kwa mifuko midogo.

Wenye hoteli, kama chumba kinahitaji kiti kimoja tu, basi kitengenezwe Likasi, na fundi alipwe vizuri. Mkinunua vichache, mna uwezo wa kulipa bei ya haki.

Ninyi mafundi, wenyeji na waliohama, piteni redioni mwache majina na kazi mnayoijua. Tutayasoma hewani siku ya posho.