Nasaba ya Kijidudu



Mtoto akianza kuhara, swali la kwanza nyumbani ni: amekula nini? Chakula cha jana twakikumbuka. Lakini listeria, kijidudu kiwezacho kukua hata ndani ya friji, huweza kukaa mwilini wiki kadhaa kabla ya kujidhihirisha. Mama mjamzito huenda akaona homa nyepesi tu, kumbe mimba i hatarini. Nani miongoni mwetu akumbukaye alichokila mwezi uliopita?

Afrika Kusini iliuonja msiba huo. Kuanzia Januari 2017 hadi Julai 2018 walithibitishwa wagonjwa 1,060, na 216 walifariki. Zaidi ya wanne katika kila wagonjwa kumi walikuwa wachanga wasiotimiza mwezi. Waliohojiwa walitaja nyama za kusindikwa, lakini kutaja si kuthibitisha.

Aliyethibitisha ni kijidudu mwenyewe. Sisi watu wa Pwani twatambuana kwa nasaba. Vijidudu navyo vina vinasaba. Kila kimoja hujinakili, na makosa madogo ya kunakili hurithiwa na kizazi kifuatacho. Wataalamu waliposoma vinasaba vyote, yaani jenomu, waliona kuwa vijidudu vya wagonjwa walio wengi ni vya ukoo mmoja. Januari 2018 watoto tisa wa kituo cha malezi huko Soweto waliugua. Katika friji yao ikakutwa poloni, ile soseji nene iliwayo bila kupikwa tena. Nyayo zikafuatwa hadi kiwanda kimoja mjini Polokwane, na humo ukapatikana ukoo uleule. Tarehe 4 Machi 2018 Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, akautangazia umma. Bidhaa zikaondolewa madukani, na wagonjwa wakapungua.

Usomaji huohuo hufichua pia vinasaba vya usugu, vinavyokiwezesha kijidudu kuishinda dawa. Elimu hii haiko mbali nasi: wakati wa korona, watafiti wa KEMRI hapa Kilifi walisoma jenomu za virusi vile.

Hata hivyo, maabara haiwezi kusoma kisichofikishwa kwake. Nasi twajua mwenendo wetu: mtoto akiugua, twakimbilia duka la dawa, twanunua antibiotiki kwa kukisia, akipata nafuu twaiacha dozi nusu. Kijidudu hakikupimwa, chanzo hakikujulikana, na vilivyosalia ni vile vilivyostahimili dawa. Kesho huugua mtoto wa jirani.

Basi tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Kuhara kwingi kwa watoto hakuhitaji antibiotiki. Kwahitaji maji ya ORS na zinki. Choo kikiwa na damu, au homa ikizidi, tumpeleke hospitali, na tukiombwa choo au damu ya kupimwa tusione haya wala uzito. Mjamzito asile soseji wala poloni isiyopashwa moto ukaiva barabara. Watoto ni amana tuliyokabidhiwa, na amana hailindwi kwa kukisia.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.