Kisangani: Neno moja la siri kwa watu wote si ulinzi

Katika maofisi, mahoteli na siberi nyingi za Kisangani, neno la siri la wifi ni moja tu, na si ajabu kulikuta limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Wengi wanaamini kwamba hilo linatosha. Halitoshi.

Katika mfumo wa WPA2, uliozinduliwa mwaka 2004, neno hilo la pamoja ndilo chanzo cha funguo za simu zote. Anayelijua, akinasa mawimbi wakati simu ya mwenzake inajiunga, anaweza kusoma mawasiliano yasiyo na ulinzi mwingine. Mfanyakazi akifukuzwa, anaondoka na ufunguo. Kosa likitendeka, ni vigumu kujua nani alilifanya.

Dawa ipo: kila mtu apewe jina lake na neno lake. Hapo kifaa cha wifi hakiamui chenyewe nani aingie. Kinapeleka ombi kwa seva ya uthibitisho. Seva inaonyesha kwanza cheti chake, kisha simu inatuma neno la mtumiaji kwa njia iliyofungwa. Akitambuliwa, anapata ufunguo wake peke yake. Akiacha kazi, jina lake linafutwa na wengine hawasumbuliwi. Ndivyo inavyofanya kazi eduroam, ambayo inawawezesha wanafunzi wa Kenya na Uganda kutumia wifi ya chuo kingine kwa jina walilopewa na chuo chao.

Lakini mtumiaji naye ana wajibu. Mwizi anaweza kuweka wifi ya uongo yenye jina lile lile. Anayeruhusu simu yake isikague cheti anaweza kumkabidhi neno lake bila kujua.

Gharama si kisingizio kikubwa. Programu ya FreeRADIUS ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Kinachohitajika zaidi ni fundi aliyefunzwa na betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika na seva ikizimika, hakuna mpya anayeingia.

Tangu tarehe 13 Machi 2023, RDC ina sheria ya kidijitali inayolinda taarifa binafsi za raia. Vyuo, hospitali na benki, kuanzia Makiso hadi Lubunga, wanashika taarifa hizo kila siku. Waanze kwa kubandua ile karatasi ukutani.