Sola: tunanunua stika au tunanunua umeme?



Kuna suala ambalo huzuka kila tunapokutana, iwe barazani baada ya swala au ndani ya minibasi ya kwenda mjini: "Jamani, sola ya kampuni gani ndiyo nzuri?" Mmoja atasema Jinko, wa pili Canadian, wa tatu ataapa kwamba ya Mjerumani ndiyo ya kweli na nyingine zote ni takataka za Mchina. Mjadala unachukua saa nzima. Mwisho wake mtu anachukua pesa alizodunduliza kwa miezi, anakwenda sokoni, na ananunua jina. Sisi tunasema wazi kwamba swali hilo ni baya, na wanaofaidika nalo ni wauzaji.

Wala si jambo dogo. Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, ikakusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Sasa tumepita 50,000. Posho imepunguzwa mara kadhaa, na kwacha iliposhushwa thamani kwa asilimia 44 mnamo Novemba 2023, kila kinachotoka nje ya nchi kilipanda bei, sola ikiwemo. Ndugu zetu wa Lilongwe wenye umeme wa ESCOM nao wanakumbuka Januari 2022, kimbunga Ana kilipobomoa bwawa la Kapichira katika mto Shire na nchi ikapoteza karibu megawati 130 kwa mpigo. Kwa hiyo paneli juu ya bati si anasa. Ni taa ya mtoto anayejiandaa na mtihani wa MSCE, na ni simu ya mama inayosubiri ujumbe kutoka Bukavu au Bujumbura. Anayemdhulumu mtu katika hilo amemdhulumu kweli kweli.

Sasa tuitazame hiyo chapa. Chapa ni nini? Ni karatasi iliyobandikwa nyuma ya paneli. Katika paneli nzima hakuna kitu rahisi kukitengeneza kama hiyo karatasi! Anayeweza kuchapisha kadi za harusi anaweza kuchapisha jina la kampuni yoyote duniani, na chini yake akaandika wati 300. Tumeiona paneli ya namna hiyo kambini, jina kubwa, maandishi yamenyooka, na urefu wake ni mita moja kwa sentimita 67.

Tufanye hesabu, wanafunzi mtusaidie. Mita moja kwa sentimita 67 ni eneo la mita za mraba 0.67. Jua kali la mchana, lile linalotumika kiwandani kupimia paneli, huleta wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Paneli nzuri za siku hizi hugeuza karibu moja ya tano ya nuru hiyo kuwa umeme, na hata zile bora kabisa madukani hazizidi robo. Basi tuchukue robo nzima, tumpendelee muuzaji: 0.67 mara 250 ni wati 167. Zile wati 300 zimetoka wapi? Zimetoka kwenye mashine ya kuchapishia. Ukweli wa paneli ile ni wati 130 au 140, na huenda pungufu.

Kwa hiyo tepu ya fundi seremala inakwambia zaidi kuliko stika. Paneli ya kweli ya wati 100 inahitaji karibu nusu mita ya mraba. Ikiwa ndogo sana kuliko hapo, rudisha pesa mfukoni.

Muuzaji mjanja atakutolea mita yake, aguse nyaya mbili juani, akuonyeshe: "Ona, volti 21!" Na watu wanashangilia. Ndugu zetu, volti hazithibitishi chochote hapo. Paneli ya wati 20 na paneli ya wati 100, zote zikiwa za mfumo wa volti 12, zitaonyesha volti 21 au 22 vile vile. Kinachotofautiana ni amperi. Nyuma ya paneli pameandikwa Isc. Ya wati 100 huwa karibu na 6. Saa sita mchana, mbingu safi, paneli imetazama jua, mwambie aweke mita upande wa amperi 10 na apime. Ikisoma 2 badala ya 6, umekwisha kujua unauziwa nini. (Zile paneli kubwa zenye zaidi ya amperi 10 msizipime namna hii, mita itaungua. Mwachieni fundi mwenye vifaa.)

Na hao wa "ya Mjerumani"? Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Nishati, zaidi ya asilimia 80 ya utengenezaji wa paneli duniani, katika kila hatua, uko China. Hata Canadian Solar, ambayo makao yake ni Kanada, sehemu kubwa ya viwanda vyake imejengwa China. Jinko, LONGi, Trina na JA zote ni za huko. Ukipata paneli halisi ya mojawapo ya hizi tano, tofauti utakayoiona nyumbani kwako ni ndogo mno. Ndugu wa Area 25 mwenye bati lenye nafasi hana sababu ya kulipa zaidi ili apate moja badala ya nyingine. Anunue iliyo halisi na ya bei nafuu, kwa mwagizaji mwenye leseni ya MERA, namba ya paneli iulizwe kwa kampuni yenyewe, na risiti iandike namba hiyo. Basi. Jina lina kazi hapo tu, pale unapoweza kulithibitisha. Chini ya mwavuli sokoni huwezi.

Tena kuna hii "dhamana ya miaka 25" inayotajwa kila siku. Suntech ya China, iliyowahi kuwa kubwa kuliko zote duniani, ilishindwa kulipa madeni yake Machi 2013. SolarWorld, fahari ya hao hao Wajerumani, ilifilisika mwaka 2017 na tena 2018. Ikiwa kampuni kubwa kama hizo zinaanguka, dhamana ya mtu wa kambini iko mkononi mwa nani? Mkimbizi anatakiwa na sheria akae kambini, na mwaka 2023 serikali iliwarudisha wengi waliokuwa wakiishi mijini. Kurudisha paneli mbovu Lilongwe ni kibali, ni nauli ya kwenda na kurudi, na mwenye duka anakwambia dhamana yake ni wiki mbili. Hiyo miaka 25 alipewa nani? Dhamana yetu sisi ni kupima kabla ya kulipa.

Lakini lililotuuma zaidi ni hili. Tunajua familia zilizonunua paneli halisi, tena kubwa, ya wati 410, kwa pesa iliyotumwa na jamaa wa ng'ambo. Hakuna aliyedanganywa kwenye paneli. Kisha ikaunganishwa na kontrola ndogo ya bei rahisi, ile ya PWM, na betri ya volti 12. Paneli ile hufanya kazi kwenye volti 31 hivi na kutoa amperi 13. Kontrola ya PWM haijui kuzigeuza volti. Inaivuta paneli ishuke mpaka usawa wa betri. Volti 13 mara amperi 13 ni wati 169. Zaidi ya nusu ya paneli inapotea kila siku, na jina la kampuni liko pale pale juu ya bati linang'aa! Paneli hiyo ilitaka kontrola ya MPPT ya kweli, ambayo ni nzito mkononi na ghali, si ile nyepesi iliyoandikwa MPPT kwa wino. Kama pesa ya MPPT haipo, nunueni paneli ya volti 12, wati 100 za kweli, mtapata raha zaidi.

Kwani nyumba inahitaji nini? Taa tatu za wati 5 kwa saa tano ni wati-saa 75. Runinga ndogo ya wati 20 kwa saa nne ni 80. Simu tatu, tuseme 45. Jumla 200. Paneli ya wati 100, ikipata jua kamili la saa tano na tukiondoa kinachopotea njiani, inaleta kama 350. Mvua za Desemba hadi Machi zitaipunguza, lakini taa hazitazimika.

Betri nazo tuseme kwa ufupi: ya gari hapana. Ile imetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si kuishiwa kila usiku, na haitamaliza hata miaka miwili. Ya risasi ya sola msiitumie chini ya nusu. Mwenye uwezo achukue ya lithiamu.

Tugeukie sasa wauzaji, na wengine ni ndugu zetu, tunasimama nao safu moja. Kuuza wati 130 kwa jina la 300 ni kupunja kipimo. Kaumu ya Nabii Shuaib haikuangamia kwa kukosa kuabudu peke yake; mizani zilikuwemo katika kesi yao. Msituambie "nami nilinunua hivyo hivyo Old Town". Ukishajua, umejua. Tunawataka waruhusu mteja kupima juani kabla ya kulipa, na waandike kwenye risiti wati zilizopimwa. Anayekataa, tusinunue kwake, hata akiwa shemeji. Na kamati za misikiti zinazotafuta sola ya kipaza sauti na madrasa zianze wao, maana pale inapotumika ni pesa ya watu.

Mafundi nao wasikilize. Vitabu vingi vinavyokuja na vifaa hivi vinasema paneli itazame kusini, kwa sababu viliandikwa kwa ajili ya watu wa kaskazini ya dunia. Sisi tuko nyuzi 14 kusini ya ikweta: hapa paneli inatazama kaskazini, imeinama kiasi maji yateleze, na imeinuliwa kidogo juu ya bati upepo upite, kwani ikipata joto sana hupungukiwa nguvu. Tumehesabu mabati kadhaa njiani kuelekea Dowa ambako paneli zimeelekezwa kusini. Wenye nyumba hizo wanaweza kuzigeuza leo, bila kununua chochote.