Kamera ionyeshe uso wa mtumishi

Mwaka uliopita tulikalisha wazee saba chini ya mwembe, hapa Kamina. Ni wazee waliotumika miaka mingi katika mugodi, na mpaka leo wanangojea hesabu yao ya mwisho. Kijana wetu wa sendika aliazima kamera nzuri, ile ya kisasa isiyo na kioo ndani, na akapiga video ya kila mzee. Tulikuwa na furaha. Kumbe, tulipofungua video mbele ya meza ya mazungumzo, picha ilikuwa majivu matupu. Nyuso hazionekani. Mtu wa upande wa kampuni alicheka: « Hawa ni watu ao ni moshi? » Mkutano uliendelea bila ushuhuda wetu.

Kosa halikuwa la kamera. Kijana alichagua profili ya picha inayoitwa S-Log3, sababu vijana wanaambiana kwamba njo ya watu wa sinema. Tuseme wazi maana yake. Profili ni amri tunayoipa kamera: mwangaza na giza vipangwe namna gani, rangi ziwe na nguvu kiasi gani. Log, ikiwa S-Log ya Sony, C-Log ya Canon ao N-Log ya Nikon, inabana mwangaza mwingi na giza mingi ndani ya video moja. Picha inatoka imepauka, kama nguo iliyofuliwa mara mia. Lazima ipikwe kwanza kwa ordinatere. Asiye na ordinatere ya nguvu, wala umeme wa saa mbili mfululizo, anawapa wageni unga mubichi na kusema ni bukari.

Tena kijana alipima mwangaza kwa mbingu nyeupe iliyokuwa nyuma, hakupima kwa uso wa mzee. Log haipendi giza. Tulipojaribu kuinua nyuso, zilijaa chembechembe. Na kamera ile inaandika kwa biti 8, maana yake ngazi 256 kwa kila rangi. Ukivuta sana, ngazi zinaonekana kama mistari. Kamera ya biti 10 iko na ngazi 1024, inavumilia zaidi.

Wengine watasema: hayo ni mambo ya mafundi, sendika inaingia wapi? Inaingia kwa uso. Zamani Kodak ilituma kwa maabara kadi za mwanamuke mweupe, zikaitwa « Shirley », ili rangi zipimwe kwa ngozi yake. Watu weusi walitoka kama kivuli. Kipimo kinachaguliwa na mtu. Leo wenye kuchagua ni sisi.

Hatusemi Log ni mbaya. Saa sita mbele ya lango la mugodi, kofia nyeupe inawaka na uso uko ndani ya kivuli, Log inaweza kuokoa vyote viwili. Lakini iwekwe kwa kazi yenye wakati, fundi na ordinatere, na mwangaza uongezwe ngazi moja ao mbili. Kama video inatakiwa leo jioni, iende kwa WhatsApp, vijana, tumieni profili ya kawaida, mupunguze kontrasti kidogo. Pimeni mwangaza kwa uso. Mbingu ikiungua, iungue. Mukalishe mtu kivulini, ukuta uwe nyuma yake. Balansi ya nyeupe isiachwe otomatiki, sababu rangi inaweza kugeuka katikati ya maneno. Na mbele ya kumuaga shahidi, angalieni video pamoja naye. Hiyo ya mwisho haiombi hata franka moja, na sisi viongozi hatukuifanya.

Kati ya wale wazee saba, mmoja alizikwa mbele ya mvua kuanza. Hatuwezi tena kumuomba arudilie. Sauti yake iko, uso njo hatuko nao. Betri za kamera hizi ni za litiamu, na nyingi ziko na kobalti ndani. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka Kongo yetu. Jiwe linatoka kwa mikono ya watu kama yeye. Basi kamera itulipe angalau deni hili moja: wajukuu wa mtumishi wamuone uso.