Maji ya Paani

Wako watu wasemao kwamba maji ya mvua hayana haja ya kuchemshwa, kwa kuwa yametoka mbinguni. Ewe msomaji, usiwasadiki. Mvua hutoka mbinguni. Lakini maji yaliyomo kikombeni mwako yametoka paani, na paa lina wenyewe: kunguru, mjusi, panya na paka, nao hawana choo kingine. Kiangazi kizima uchafu wao hukauka juu ya mabati pamoja na vumbi, kisha mvua ya kwanza huukokota wote mpaka tangini. Maji huonekana meupe, naam, lakini kijidudu cha kuharisha hakionekani kwa macho.

Wala sikubaliani na yule ayakatazaye maji hayo kabisa. Atamwambia nini mama wa Kitui ashindaye njiani na mtungi? Pande za Nakuru na Naivasha visima vingi vina madini ya floridi, yatiayo meno ya watoto rangi ya kahawia, na kuchemsha maji hakuyaondoi. Mvua haina kasoro hiyo. Tena milimita 10 za mvua juu ya paa la mita 50 za mraba ni lita 500. Nani mwenye akili aziache zipotee?

Dai langu ni dogo. Mvua ya kwanza imwagwe, mfereji usafishwe, tangi lifunikwe, mbu wasizalie humo, na maji ya kunywa yachemke. Kuni ni ghali, utanijibu. Basi tia maji meupe katika chupa angavu, uyaanike juani tangu asubuhi hadi jioni. Jua halina bei.